Ubishi wa Kibirizi: kwa nini flashi inaila streti, na ngazi nzima ya poka ilivyopangwa

Taa ya Ziwa (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Wenzangu wa Kigoma mnajua mambo yanavyokuwa mbalamwezi ikikolea. Taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala ufukweni Kibirizi, watu wanashona nyavu, na nyavu zikiisha kushonwa karata zinatoka. Miaka yote ilikuwa albastini na lasti kadi. Sasa vijana wameleta poka waliyoijua kwenye simu. Inachezwa kwa vizibo vya soda, na kila baada ya muda mchezo unasimama kwa ubishi wa nani kashinda.

Ubishi wa juzi ulikuwa huu. Mmoja alifungua 6, 7, 8, 9, 10 za mchanganyiko. Mwenzake akaweka shupaza tupu: 2, 5, 8, jeki na mfalme. Kijiwe kizima kikampa ushindi yule wa kwanza, kwa hoja kwamba zake zimepangika na za mwenzake zimekaa shaghalabaghala. Niliposema flashi inaila streti, nikaulizwa: "Kasema nani?"

Ni swali zuri, na mtu hapaswi kujibiwa "simu imesema". Sababu ipo, tena ukiishika huhitaji kukariri sana.

Kwenye poka hakuna aliyekaa akachagua mkono (yaani karata tano za mchezaji) upi unapendeza. Ngazi inafuata ugumu wa kupatikana. Mkono adimu unakaa juu, unaopatikana kirahisi unakaa chini, basi. Karata ni 52, aina nne (kopa, uru, shupaza, pau), kila aina karata 13. Ukichukua karata tano zozote, michanganyiko inayowezekana ni 2,598,960. Kati ya hiyo, streti, yaani tano zinazofuatana zisizo za aina moja zote, ni 10,200. Flashi, yaani tano za aina moja zisizofuatana, ni 5,108. Flashi ni karibu nusu ya streti. Yule wa shupaza alikuwa na kitu kigumu mara mbili kuliko mwenzake, na vizibo vilikuwa vyake.

Ngazi nzima sasa, kuanzia chini. Zaidi kidogo ya nusu ya mikono yote haina kitu: 1,302,540. Hapo mnapimana kwa karata kubwa tu. Pea moja, yaani karata mbili za namba ileile, ni 1,098,240. Hizo mbili peke yake zinachukua zaidi ya asilimia 92 ya karata utakazogawiwa, kwa hiyo usishangae jioni nzima ikipita bila kuona maajabu. Baada ya hapo mambo yanakuwa finyu haraka. Pea mbili ni 123,552, tatu za namba moja ni 54,912, streti 10,200, flashi 5,108. Juu ya flashi kuna fulu hausi, yaani tatu za namba moja pamoja na pea, ambazo ni 3,744. Kisha nne za namba moja, 624 tu. Kileleni kuna streti flashi, tano zinazofuatana na zote za aina moja: ni 40, na nne kati ya hizo ndizo royo flashi, kuanzia 10 hadi ree. Uwezekano wa royo flashi ni mara moja katika 649,740. Mtu akigawiwa mkono mmoja kila dakika, saa nane kwa siku, bila kupumzika hata Jumapili, kwa wastani atasubiri zaidi ya miaka mitatu na nusu.

Karibuni. Mwenye swali la kweli alilete, na ubishi wenu wa vijiweni uleteni pia.

Turufu Mkononi

Mkuu, shukrani kwa uzi. Lakini kuna jambo linalotutesa sisi wazoefu wa albastini. Huku kwetu Ujiji saba ina pointi 10, inamzidi mfalme mwenye 4. Ree ina 11. Jeki anamzidi malkia. Na turufu ndiyo mwisho wa maneno. Sasa kwenye poka nikiwa na pea ya saba na mwenzangu ana pea ya mfalme, nani anakula? Na kama kopa ndiyo imekatwa kuwa turufu je?

Taa ya Ziwa

Mkuu, hapa ndipo wengi wetu tunapokwama, kwa sababu tumeingia poka na akili ya albastini.

Pointi zote weka kando. Kwenye poka saba ni saba, inakaa kati ya sita na nane. Ree juu, kisha mfalme, malkia, jeki, 10, na kushuka hivyo hadi 2. Angalia vizuri hapo kwa malkia na jeki, maana kwetu tumezoea kinyume chake. Pea ya mfalme inaila pea ya saba bila mjadala.

Turufu haipo. Aina nne zote zina hadhi sawa, kopa haimzidi pau. Wawili wakiwa na flashi, mmoja ya uru na mwingine ya shupaza, mnatazama karata kubwa ya kila mmoja. Zikilingana mnashuka ya pili, ya tatu, hadi ya tano. Zikilingana zote, mnagawana. Nimeona watu wakisema "shupaza ndiyo kubwa". Michezo mingine ina utaratibu huo, lakini kwenye ngazi ya poka ya kawaida aina haiamui mshindi.

Na hakuna karata unayoweza kuiita garasa moja kwa moja. 2 ya pau ambayo kwenye albastini ungeitupa bila kuitazama, ukiwa nazo 2 zote nne zinaila flashi ya ree, zinaila hata fulu hausi ya ree tatu na wafalme wawili. Kinachotazamwa ni karata zilivyokaa pamoja. Ukubwa wa kila moja unafuata baadaye, pale mikono inapolingana.

Kuhusu ree, inaruhusiwa kukaa chini pia. Ree, 2, 3, 4, 5 ni streti halali, ila ndiyo ndogo kuliko zote, kwa sababu hapo karata yake ya juu inahesabiwa kuwa 5. Inaliwa na 2 hadi 6. Lakini haizunguki kona: malkia, mfalme, ree, 2, 3 si streti. Hapo huna kitu, unapimwa kwa karata kubwa tu, kuanzia ree.

Chaki na Ubao

Mtoa mada, hongera. Nafundisha hisabati huku Mwandiga, na naomba nijazie nyama, maana umetaja namba bila kuonyesha zinakotoka. Mtu asiamini namba asiyoweza kuihesabu mwenyewe.

Chukueni kalamu. Flashi: aina moja ina karata 13. Njia za kuchagua tano kati ya 13 ni 1,287. Zidisha kwa aina nne, unapata 5,148. Ndani yake zimo 40 ambazo pia zinafuatana, hizo ni streti flashi, zitoe. Inabaki 5,108.

Streti: inaweza kuanzia ree na kuendelea hadi ile inayoanzia 10, kwa hiyo kuna ngazi kumi. Chukua ile ya 6 hadi 10 ya juzi. Nafasi ya 6 inaweza kujazwa na 6 yoyote kati ya nne zilizopo. Nafasi ya 7 hivyo hivyo, ya 8, ya 9, ya 10. Nne kwa kila nafasi, 4 × 4 × 4 × 4 × 4, ni 1,024. Mara ngazi kumi ni 10,240. Toa zile 40 zilezile, inabaki 10,200.

Hapo ndipo jicho linapomdanganya mtu. Linaona namba zimepangana likadhani ni kazi kubwa, halioni kwamba kila nafasi ilikuwa na karata nne za kuijaza. Shupaza tano zinaonekana hovyo, kumbe ziliminywa zitoke ndani ya karata 13 tu.

Fulu hausi ni rahisi zaidi. Namba ya zile tatu unaichagua kati ya 13, na kila namba ina njia nne, maana unaacha karata moja nje. Namba ya pea unaichagua kati ya 12 zilizobaki, na kila namba ina njia sita za kupata mbili kati ya nne. 13 × 4 × 12 × 6 = 3,744. Wanafunzi wa kidato cha nne wana mada ya uwezekano, na nikiwawekea karata mezani wanaishika upesi kuliko mfano wa kurusha sarafu.

Nyota ya Bangwe

Ticha nimekuelewa, lakini hesabu zenu na ninachokiona havilingani. Kwa flashi 5,108 kati ya 2,598,960 maana yake ni kama mara moja katika 509. Mimi nacheza ile ya kwenye simu, ya karata mbili mkononi na tano mezani. Flashi naziona kila jioni, na fulu hausi pia. Ama simu inapika karata, ama ngazi yenu si hii.

Taa ya Ziwa

Uko sahihi kuhusu unachokiona, na simu haijapika kitu. Unacheza Texas Hold'em. Pale huchezi na karata tano, unachagua tano bora kati ya saba. Karata mbili za ziada zinabadilisha hali kabisa.

Michanganyiko ya karata saba ni 133,784,560. Ukichukua tano bora za kila mmoja, flashi inatokea kwa asilimia 3.03, mara moja katika 33 hivi. Fulu hausi ni asilimia 2.6. Streti asilimia 4.62 na tatu za namba moja 4.83, zimekaribiana sana. Bado ngazi imeshika mstari uleule, fulu hausi ni adimu kuliko flashi, flashi kuliko streti, streti kuliko tatu.

Ila shuka chini kidogo uone jambo linalonifurahisha kuliko yote kwenye mchezo huu. Pea moja inatokea kwa asilimia 43.8, pea mbili 23.5, na mkono usio na kitu kabisa ni asilimia 17.4 tu. Yaani kwa karata saba, kukosa ni adimu kuliko kupata pea!

Nyota ya Bangwe

Basi kanuni yako ya uhaba imevunjika mkuu. Kama adimu ndiyo inakaa juu, asiye na kitu angemla mwenye pea.

Chaki na Ubao

Nijibu mimi, kwa sababu ni hoja nzito na inastahili jibu kamili.

Tuseme leo tukubaliane Kibirizi kwamba asiye na kitu anamla mwenye pea. Mimi nina saba hizi: mfalme, mfalme, jeki, 9, 6, 4, 2. Nina pea. Lakini ninachagua tano kati ya saba, sivyo? Basi ninamwacha mfalme mmoja nje, ninatangaza mfalme, jeki, 9, 6, 4, nimekuwa "sina kitu", nimekula. Kila mwenye pea moja atafanya hivyo, na mwenye pea mbili pia anaweza, kwa sababu bado ana namba tano tofauti. Papo hapo ule mkono adimu unakuwa ndio wa kawaida kuliko yote. Ukijaribu kuupandisha unapoteza uhaba wake. Kwa hiyo ngazi ya karata tano imebaki ilivyo hata kwenye mchezo wa karata saba.

Kijana wa Gungu

Wakuu, kuna poka nyingine nimekutana nayo, wanatoa 2, 3, 4 na 5 zote, zinabaki karata 36. Huko flashi inaila fulu hausi! Nilidhani ni makosa.

Taa ya Ziwa

Si makosa mkuu, na umeleta ushahidi mzuri kuliko wangu wote.

Ukitoa hizo, kila aina inabaki na karata tisa badala ya 13. Ukihesabu kwa njia ya Ticha, flashi za karata tano zinakuwa 480 tu, huku fulu hausi ni 1,728. Flashi imekuwa ngumu mno, kwa sababu aina zimepungua karata, wakati kila namba iliyobaki bado ina nne zake. Ndiyo maana kwenye poka ya karata 36 flashi imepandishwa juu ya fulu hausi. Kama ngazi ingekuwa desturi tu ya mababu, isingesogezwa hata kidogo.

Msafiri wa Reli

Niko Tabora nasubiri treni ya kuja huko, ngoja nichangie historia kidogo.

Poka ilikulia Marekani mwanzoni mwa karne ya 19, upande wa New Orleans, ikasambaa na meli za mvuke za mto Mississippi. Wakati huo ilikuwa na karata 20 tu, 10 hadi ree. Wachezaji wanne, kila mmoja tano, karata zinaisha zote. Haikuwa na flashi wala streti. Mkono usiolika ulikuwa ree nne, au wafalme wanne pamoja na ree moja, kwa sababu ukiishika hiyo ree hakuna mwingine anayeweza kuwa nazo nne. Mtu alikuwa anajua kwa hakika kwamba hafungwi.

Karata zilipoongezwa kufikia 52 ndipo flashi ikaingia, na streti ikachelewa kukubalika. Kuna mahali ilihesabiwa, mahali pengine hapana, ikabidi watu waulizane kabla ya kugawa. Kwa hiyo ndugu zangu wa Kibirizi, streti imebishaniwa kwenye meli na mezani tangu zamani, si kwenu tu.

Baba wa Katubuka

Wanangu, nimesoma yote. Hesabu ni nzuri. Wasiwasi wangu ni watoto. Wanaanza na vizibo, kesho ni hela ya daftari kwenye simu.

Taa ya Ziwa

Shikamoo mzee. Wasiwasi wako una msingi na sitaupita juu juu. Kucheza kwa fedha sheria hairuhusu aliye chini ya miaka 18, na kampuni yoyote inayoendesha michezo hiyo lazima iwe na leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kijiweni kwetu ni vizibo, na mtoto akitoa sarafu anarudishiwa na mchezo unasimama. Na hili nawaambia vijana kila mara: ngazi inakuonyesha nani kashinda karata zikishafunguliwa. Karata ijayo haikuonyeshi. Anayedhani akizijua namba hizi atatajirika kwenye simu hajazielewa.

Baba wa Katubuka

Marahaba mwanangu. Hapo sawa.

Dada wa Mwanga

Naomba kuuliza la kawaida tu. Mezani kuna mfalme, 9, 6, 3, 2, hakuna flashi. Mimi nina mfalme na malkia. Mwenzangu ana mfalme na jeki. Wote tuna pea ya mfalme. Aliniambia tugawane nikakubali. Nilidhulumiwa?

Taa ya Ziwa

Dada, ulikuwa umeshinda. Mkono ni karata tano siku zote, pea ni mbili tu kati ya hizo. Zako tano bora ni mfalme, mfalme, malkia, 9, 6. Zake ni mfalme, mfalme, jeki, 9, 6. Pea zimelingana, mnakwenda kwenye karata ya pembeni iliyo kubwa kuliko zote: malkia anamla jeki. Ugomvi mwingi wa mezani unatoka hapa kuliko kwenye flashi na streti, kwa sababu pea zinatokea kila wakati. Sema kwa sauti karata zako tano, zote, kabla ya kutetea. Ukishazitaja, kwa kawaida jibu linajitokeza lenyewe.

Turufu Mkononi

Kwa hiyo hebu tumalize na la jana usiku, limeacha watu wamenuniana hapa Ujiji. Mezani kulikuwa na mfalme, mfalme, 9, 9, ree. Hakuna flashi. Jamaa mmoja mkononi ana pea ya 5. Mwingine ana malkia na jeki. Mwenye 5 anasema ana pea tatu, kwa hiyo kashinda. Mwenye malkia anasema karata zake za mkononi ni kubwa, kwa hiyo kashinda yeye.

Taa ya Ziwa

Pea tatu hazipo kwenye poka mkuu. Karata tano zinabeba pea mbili na moja ya pembeni, nafasi imekwisha. Mwambie wa kwanza ataje tano zake bora. Atakuta ni wafalme wawili, 9 mbili na ree, zote za mezani. Akitaka kuingiza 5 zake mbili lazima atoe 9 mbili, atakuwa amejishusha mwenyewe. Wa pili naye ataje zake: wafalme wawili, 9 mbili, na ya pembeni ni ree. Malkia wake hafiki, ree ya mezani inamzidi.

Wote wawili wanacheza meza. Hakuna aliyeshinda.

Turufu Mkononi

Kwa hiyo wagawane? Vizibo vilikuwa 31.

Taa ya Ziwa

Wagawane, kila mmoja 15. Kile kimoja kinachobaki, kwenye Texas Hold'em kinakwenda kwa aliyekaa karibu zaidi kushoto kwa mgawaji, kati ya hao wawili.